Sanduku Lenye Kufuli Tatu: Historia Fupi ya Mahali pa Kuweka Data Ndogo ya Pamoja

Ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa kompyuta hapa Mbarara data ya programu ya wavuti huwekwa wapi, atakujibu kabla hujamaliza swali: kwenye hifadhidata. Kwa mambo makubwa, kama matokeo ya mitihani ya miaka kumi au orodha ya wateja wa benki, jibu hilo linatosha. Insha hii inahusu mambo madogo. Kila programu inayotumiwa na watu wengi ina vijidata vichache ambavyo si mali ya mtumiaji mmoja, na ambavyo havijazi hata nusu ukurasa. Katika programu ya kikundi cha akiba, kwa mfano, vitakuwa bei ya hisa, salio la mfuko, namba ya kikao kilichopita, na kama kikao cha leo kimefunguliwa au bado. Wote wanavisoma, wachache wanavibadilisha, na kimoja kikikosewa hesabu ya kila mtu inaharibika.

Mfano huo sikuubuni. Tangu mwaka jana mwenzangu mmoja wa darasani na mimi tunashughulika na programu kama hiyo kwa ajili ya kikundi cha kuweka na kukopa huko Nakivale, ambako familia yangu inaishi. Swali la mahali pa kuweka vijidata hivyo limetuchukulia muda mrefu kuliko kuandika programu yenyewe. Nilipoanza kutafuta majibu nilitazamia kuyapata katika vitabu vya ufundi. Niliyapata zaidi katika historia, tena historia mbili zilizokwenda sambamba bila kujuana: ya wavuti, na ya kadi, daftari na masanduku ya huku kwetu. Hoja yangu ni kwamba swali la "wapi" hupewa uzito kupita kiasi. Katika historia zote mbili, mahali palipodumu ni pale ambapo ilijulikana wazi nani anaruhusiwa kuibadilisha data, na wakati gani.

Nianze na Nakivale. Makazi haya, yaliyomo katika Wilaya ya Isingiro kusini mwa mji wa Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakipokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha ambazo majirani wasiofahamiana huanza nazo. Maisha ya mkimbizi yanategemea data ndogo sana: namba ya kaya, idadi ya watu katika kaya, tarehe aliyopokea mgao wa mwisho. Ukiziandika zote zinaenea kwenye kiganja. Lakini kosa la tarakimu moja, saba ikiandikwa nne, ni watoto watatu wasio na chakula mwezi mzima.

Kwa miongo mingi kambi za wakimbizi zimeweka data hiyo katika sehemu mbili, yaani kadi mkononi mwa mwenye kaya na daftari ofisini. Kadi ya mgao hutobolewa au kutiwa alama kila mwenye kaya anapopokea. Uzuri wake ni kwamba anayegawa mahindi chini ya hema hana haja ya kumuuliza mtu wa ofisini; kadi yenyewe inamwambia kila kitu. Ubaya wake anaujua kila aliyekulia kambini. Kadi hupotea, hulowa mvua, huwekwa rehani dukani, na huweza kuendelea kupokea mgao wa mtu aliyekwisha kuhama au kufariki. Daftari la ofisini halipotei kirahisi namna hiyo, ila limefungiwa ofisini, na daftari la kambi hii halijui kilichoandikwa katika daftari la kambi ya pili.

Kompyuta hazikuondoa tatizo hilo mara moja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilianza kutumia mfumo wake wa usajili uitwao proGres katika miaka ya mwanzo ya 2000. Katika matoleo ya kwanza kila kituo kilikuwa na hifadhidata yake. Kwa maneno mengine, daftari liligeuka kuwa la umeme lakini likabaki daftari la kituo kimoja. Toleo la nne, lililokuja katikati ya miaka ya 2010, ndilo lililohamishia kumbukumbu kwenye mfumo mmoja unaofikiwa kwa mtandao. Uganda, kwa upande wake, ilikuwa na mfumo wa serikali ulioitwa RIMS, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Februari 2018 ziliibuka tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi nchini ilikuwa imeongezwa, na baadhi ya maafisa wakasimamishwa kazi. Tarehe 1 Machi mwaka huo zoezi la kuwahakiki wakimbizi wote lilianza Oruchinga, makazi madogo jirani na Nakivale, likiendeshwa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watu walipigwa picha za mboni za macho na kuchukuliwa alama za vidole. Zoezi lilipokwisha mwezi Oktoba, takwimu iliyokuwa karibu milioni 1.4 ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Pengo la watu wapatao laki tatu si dogo, ingawa ni lazima ikumbukwe kuwa si kila asiyefika kuhakikiwa alikuwa jina la uongo. Wapo waliokuwa wamerudi makwao au kuhamia mijini.

Wengi huieleza hadithi hii kama ushindi wa kuweka data mahali pamoja. Mimi naisoma tofauti kidogo. RIMS nayo haikuwa kadi ya mkononi. Ilikuwa hifadhidata, na data yake ilikuwa mikononi mwa serikali. Kilichobadilika mwaka 2018 ni sharti la kuongeza jina. Kabla ya hapo iliwezekana mtu kuandikwa na mwenye kalamu peke yake. Baada ya hapo macho na vidole vya mwenye jina vilipaswa kuwepo. Mabadiliko ya data yalidai mahudhurio. Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa sababu litarudi.

Sasa niende kwenye wavuti, ambao ulizaliwa bila kumbukumbu. Utaratibu alioubuni Tim Berners-Lee huko CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa rahisi: kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, kisha seva inasahau kwamba iliwahi kuombwa. Ni kama karani anayekuuliza jina lako upya kila unaporudi dirishani. Kwa kusoma makala hilo halina shida, lakini kwa duka halifai, maana ukiweka sukari kwenye kikapu na kufungua ukurasa wa chumvi, seva haikumbuki sukari.

Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ilikuwa na mteja, kampuni ya simu ya MCI, iliyotaka duka la mtandaoni bila kulazimika kuhifadhi kwenye seva zake manunuzi ambayo hayajakamilika. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, akaleta kile tunachokiita leo kidakuzi: kijikaratasi ambacho seva humpa mgeni, na ambacho kivinjari hukionyesha kila kinaporudi. Mwenye kukulia kambini haoni jambo geni hapa. Kidakuzi ni kadi ya mgao. MCI ilikuwa na sababu ileile ya mgawaji wa mahindi, kwamba mteja na abebe kumbukumbu yake mwenyewe, dirisha lisielemewe. Hata udogo wake unafanana na kadi. Maelezo ya Netscape yaliruhusu herufi zipatazo 4,000 kwa kidakuzi kimoja, na vidakuzi 20 kwa kila seva.

Udhaifu nao ukawa uleule. Kitu kilicho mkononi mwa mtu kinaweza kubadilishwa na mtu huyo, au na yeyote atakayekikuta. Maduka ya mwanzo yaliyoiacha bei ya bidhaa upande wa kivinjari yaligundua kwamba mnunuzi mjanja anaweza kujipunguzia bei kabla ya kubofya "nunua". Desturi ikabadilika: kidakuzi kibebe namba tu, maelezo mengine yote yakae kwenye seva, katika kile kinachoitwa sesheni. Yaani kadi ibaki na namba ya kaya, na daftari liseme kaya hiyo ina watu wangapi.

Lakini sesheni ni ya mtu mmoja. Data ya wote je? Hapa historia inapendeza, kwa sababu lugha mbili zilitoa majibu yanayopingana kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1996 Microsoft ilitoa ASP, ambayo mtengenezaji wa tovuti alipewa ndani yake vyumba viwili: Session kwa mgeni mmoja, na Application kwa wageni wote. Chumba cha wote kilikuja na amri ya kufunga na amri ya kufungua, ili watu wawili wasibadilishe namba moja kwa wakati mmoja. PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilikataa chumba cha wote. Katika PHP kila ombi huanza na meza tupu na huisha kwa kufagia meza. Anayetaka kitu kibaki akiweke nje, kwenye faili au hifadhidata.

Wanafunzi hupenda jibu la ASP wakilisikia mara ya kwanza. Hasara yake ni kwamba chumba kile kimo ndani ya kumbukumbu ya programu inayokimbia. Seva ikizimwa na kuwashwa, salio la mfuko ni sifuri. Ukiwa na seva mbili unakuwa na vyumba viwili, na mgeni anayehudumiwa na seva ya kwanza anaona namba tofauti na jirani yake. Ni yale madaftari mawili ya kambi mbili, yamerudi na nguo mpya.

Brad Fitzpatrick, mwenye tovuti ya LiveJournal, alipambana na jambo la karibu na hilo mwaka 2003. Hifadhidata yake ilikuwa inazidiwa kwa kuulizwa maswali yaleyale mara maelfu, akatengeneza memcached, programu inayounganisha kumbukumbu za kompyuta kadhaa ziwe kabati moja la pamoja. Kabati hilo lina tabia moja: likijaa hutupa vya zamani, na likizimwa husahau vyote. Lilikusudiwa nakala, si asili. Anayeliweka salio la kikundi humo anaweka akiba kwenye mfuko uliotoboka. Mwaka 2009 Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano wa Sicily, alitoa Redis, inayofanya kazi kwa kasi inayokaribiana na hiyo lakini inaweza pia kuandika kwenye diski, na tangu hapo ndiyo inayotajwa kwanza mtu akiuliza pa kuweka data ndogo ya pamoja.

Nirudi nyuma kidogo hadi mwaka 2000, mwaka ninaouona muhimu kuliko yote katika habari hii. Mwaka huo Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa hoja ambayo Seth Gilbert na Nancy Lynch waliithibitisha kihesabu mwaka 2002. Kwa maneno yangu: data ikiwa imewekwa sehemu zaidi ya moja, na mawasiliano kati ya sehemu hizo yakakatika, lazima uchague. Ama ukatae kuhudumia watu mpaka mawasiliano yarudi, ili namba zisitofautiane. Ama uendelee kuhudumia, ukubali kwamba namba zinaweza kutofautiana. Huwezi kupata vyote viwili. Vitabu vingi hueleza jambo hili kama hatari ya nadra. Aliyeviandika hakuwahi kukaa Nakivale siku ambayo mlingoti wa simu umekosa umeme. Kwetu kukatika ni hali ya kawaida, na kuunganishwa ndiko kunakohitaji bahati.

Mwaka huohuo wa 2000 D. Richard Hipp, Mmarekani, alitoa toleo la kwanza la SQLite. Alikuwa akifanya kazi kwenye programu ya manowari ya jeshi la majini, ya kusaidia mabaharia kudhibiti uharibifu melini. Programu ilitegemea seva ya hifadhidata, na seva hiyo isipopatikana, programu nzima haikuwa na kazi. Hebu fikiria meli imepigwa, na kompyuta inakujibu kwamba imeshindwa kuunganishwa. Hipp akaamua hifadhidata iwe faili moja tu, isiyohitaji seva ya kuiunganisha. Leo faili za namna hiyo zimo katika takriban kila simu janja, zikiwemo zile zinazouzwa kando ya barabara za Mbarara.

Upande wetu wa dunia ulichagua njia ya kwanza ya Brewer, ya kukataa, kwa jambo lenye thamani kubwa kuliko yote: pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na MTN ikaleta pesa za simu Uganda mwaka 2009. Salio lako halimo kwenye simu wala kwenye laini. Ujumbe unaoupokea ni risiti tu, na ukiufuta hupotezi hata shilingi. Salio limo kwenye seva za kituo, na kituo chaweza kuwa mbali sana. Seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa sababu salio ni moja na liko mahali pamoja, hakuna wakala anayeweza kulipa mara mbili pesa ileile. Ndiyo maana watu waliiamini haraka.

Gharama ya uchaguzi huo ilionekana tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu wa Uganda, mitandao ya kijamii na huduma za pesa za simu zilipofungwa kwa agizo la serikali. Mteja alikuwa na salio, wakala alikuwa na noti, na hakuna aliyeweza kumthibitishia mwenzake. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti nzima ilizimwa na ilikaa siku tano. Anayefundisha kwamba kila kitu kiwekwe kituoni angepaswa kuzitaja tarehe hizo darasani, pamoja na Brewer.

Kufikia hapo nilikuwa nimekusanya historia ya kutosha, lakini sikuwa nimepata jibu la kikundi chetu. Lilikuwa limekaa kwenye sanduku la chuma nyumbani kwa mama mmoja, na nilikuwa nimelipita mara nyingi.

Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vilianza mwaka 1991 katika mkoa wa Maradi nchini Niger, kwa mradi wa shirika la CARE uliowalenga wanawake wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo mpango wa kwanza haukuwa na maandishi: hesabu zote zilikaa vichwani. Utaratibu ulipoenea Afrika vijitabu viliongezwa, lakini msingi haukubadilika. Kikundi kina wanachama kati ya kumi na tano na thelathini hivi. Kila kikao mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hupigwa muhuri kwenye kijitabu chake. Pesa zimo ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu ambao si viongozi, na sanduku linatunzwa na mtu wa nne.

Mambo mawili niliyachukulia kuwa mazoea tu, mpaka nilipoyatazama kwa jicho la fundi. La kwanza, vijitabu haviendi nyumbani na wenyewe. Hufungiwa ndani ya sanduku pamoja na pesa. Kadi ipo, lakini haikai mkononi, hivyo hakuna anayeweza kujipigia muhuri usiku. La pili, kabla ya kufunga kikao katibu hutangaza salio kwa sauti, na wanachama hulikariri. Kikao kinachofuata huanza kwa kuwauliza: salio lilikuwa kiasi gani? Ndipo pesa huhesabiwa mbele yao.

Kwa lugha ya darasani, salio limehifadhiwa sehemu ishirini na tano au thelathini, yaani kichwa cha kila mwanachama, na asili yake imo sandukuni. Kwa mujibu wa Brewer hapo pangekuwa na balaa, kwa kuwa wanachama hawana mawasiliano ya kuaminika wiki nzima. Balaa halitokei kwa sababu salio haliruhusiwi kubadilika wakati watu wametawanyika. Hubadilika tu wakati sanduku liko wazi, na sanduku haliwezi kuwa wazi bila watu watatu wenye funguo kukaa pamoja. Kikao chenyewe ndicho kufuli. Katikati ya vikao nakala zote ni za kusoma, na nakala za kusoma hazigombani. Haya ndiyo mahudhurio niliyoyataja nilipoeleza uhakiki wa 2018.

Tuliporudi kwenye programu tukiwa na wazo hilo, mabishano yetu yalipungua. Mwenzangu alikuwa anataka Redis. Mimi nilikuwa navutiwa na hifadhi ya ndani ya kivinjari, iliyokuja na kizazi cha HTML5 na ambayo huhifadhi herufi zipatazo milioni tano kwenye simu ya mtumiaji hata bila mtandao. Redis ilikuwa huduma nzima ya kuendesha na kulipia kwa ajili ya namba nne. Hifadhi ya kivinjari, ikiwa kwenye simu ya katibu peke yake, ilikuwa sanduku lenye kufuli moja na ufunguo nyumbani kwa mtu mmoja. Mwishowe tulichukua vitu viwili vya kawaida kabisa: faili ya SQLite kwenye seva ndiyo asili, na nakala ikae kwenye hifadhi ya kivinjari katika simu ya katibu na za wale watatu wenye funguo. Wanachama wengi wana simu za katochi, ambazo hazifungui programu yetu, kwa hiyo kwao nakala inaendelea kukaa kichwani.

Kazi kubwa ikawa kuweka kanuni ya kubadilisha. Kikao hufunguliwa kwenye simu ya katibu kwa namba za siri tatu, kila mwenye ufunguo akiingiza yake. Kikao kikiwa wazi simu hiyo inaweza kuandika hisa na mikopo hata kama mtandao haupo. Kikifungwa, yote yaliyoandikwa yanakuwa kifurushi kimoja chenye namba ya kikao, nacho kinangoja. Mtandao ukipatikana, hata kesho yake, kifurushi kinatumwa. Seva inauliza jambo moja kwanza: je, namba hii inafuata moja kwa moja ile ya mwisho niliyo nayo? Ikiwa seva ina kikao cha 31, inapokea cha 32 tu. Kifurushi kinapokelewa chote au kinakataliwa chote.

Mhadhiri mmoja alitupinga kwa hoja nzuri. Je, simu mbili zikiandika kila moja kikao chake cha 32? Kinadharia, cha kwanza kufika kitapokelewa na cha pili kitakataliwa, kisha binadamu wakae kulitatua. Kiutendaji nina jibu ambalo halimo kwenye programu: sanduku ni moja. Ili vikao viwili vya 32 vifanyike, pesa zilezile zingelazimika kuhesabiwa mahali pawili siku moja. Mhadhiri alicheka, akasema hilo si jibu la sayansi ya kompyuta. Nadhani ni jibu la sayansi ya kompyuta, ila limetengenezwa kwa chuma. Programu kubwa hutumia fedha nyingi kuhakikisha kwamba kwa wakati mmoja kuna mwandishi mmoja tu. Kikundi kilikuwa tayari naye kabla hatujaja.

Siku tuliyoionyesha programu kwa wanachama, mama anayetunza sanduku alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, simu hii ikianguka majini, hesabu yetu inakuwa wapi?" Nikamjibu kwamba iko kwenye seva, na kwenye simu za wengine watatu. "Na hiyo seva ikizimwa, kama siku zile za uchaguzi?" Nikamwambia nakala zitakuwa bado zipo kwenye simu. Akafikiri kidogo. "Na vijitabu?" Nikasema vijitabu vinabaki sandukuni kama zamani. Aliridhika na jibu hilo la mwisho kuliko mawili ya kwanza, na sikuona sababu ya kubishana naye. Muhuri kwenye karatasi unasomwa na kila mwanachama, hata asiyejua kusoma, kwa kuuhesabu kwa kidole. Faili yetu ya SQLite inasomwa na watu wawili, nao wote wako Mbarara siku za masomo.

Kikundi kilipiga kura na kuongeza kifungu katika katiba yake. Simu na kijitabu vikitofautiana, kitafuatwa kijitabu, na katibu atasahihisha simu mbele ya wote katika kikao kitakachofuata. Tuliiongezea programu kitufe cha usahihishaji huo, kisichofunguka bila zile namba tatu za siri. Mpaka ninapoandika hakijatumika. Salio bado linasomwa kwa sauti kila kikao, na wanachama bado wanalikariri.